Ungamo Juu ya Ukuta

Mimi si mtu wa katuni. Nimekulia katika hadithi za Sungura na Fisi, na nilipofika utu uzima nikaamini kwamba picha za kuchorwa ni kitu cha kumtuliza mtoto wakati mama yake yuko jikoni. Basi Jumamosi moja jioni, mwanangu wa kidato cha tatu aliponikaribisha nikae naye mbele ya kompyuta yake, nilikubali kwa sababu moja tu: katika umri aliofikia, mtoto hamkaribishi baba yake mara nyingi.

Mchezo wenyewe huitwa Shingeki no Kyojin. Mtungaji wake ni Hajime Isayama, Mjapani aliyeanza kuuchora katika gazeti la vijana mwaka 2009 na kuumaliza mwaka 2021. Kisa ni cha wanadamu waishio ndani ya kuta tatu ndefu, maana nje kuna majitu yalayo watu. Mazimwi hasa, kama yale ya bibi zetu. Siku moja latokea jitu la mita 60, likachungulia juu ya ukuta na kuvunja lango la mji kwa teke. La pili, ambalo mwili wake umejaa deraya, likabomoa lango la ndani. Kijana Eren anamwona mama yake akiliwa, naye aapa kuyafuta majitu yote duniani. Anaingia jeshini, na huko anampata Reiner.

Reiner ni kijana wa mabavu, mpole, ambaye wenzake humtazama kama kaka mkubwa. Yeye ndiye ambaye kila kikosi kingependa kuwa naye.

Sehemu niliyoonyeshwa ni ya 6 katika msimu wa pili, iliyotoka Mei 2017. Askari wamepanda juu ya ukuta, wamechoka baada ya usiku wa mapigano katika ngome ya kale. Mkono wa Reiner umefungwa bendeji, kwa kuwa usiku ule ule aliumwa na jitu alipokuwa akimkinga mwenzake. Inaletwa habari kwamba tundu lililotafutwa ukutani halikuonekana, na watu wanaanza kujiandaa kuondoka. Hapo Reiner anamwita Eren kando. Kwa sauti ile ile ambayo mtu angeombea maji ya kunywa, anamweleza kuwa yeye na rafiki yake Bertholdt ndio waliouvunja ukuta miaka mitano iliyopita. Yeye ndiye lile jitu la deraya, na mwenzake ndiye lile kubwa.

Hakuna ngoma iliyopigwa kututahadharisha. Maandishi ya Kiingereza yakapita chini ya picha, nami nikadhani macho yangu ya kizee yamesoma vibaya. Nikamwambia mwanangu arudishe nyuma. Akarudisha, huku akicheka kwa furaha ya mtu ambaye mtego wake umenasa.

Tena mtego ulitegwa mapema. Sehemu ya 4 inaitwa "Askari" na hii ya 6 inaitwa "Mpiganaji", na katika ile ya kwanza Bertholdt anasema wazi kuwa Reiner wa zamani hakuwa askari bali mpiganaji, naye Reiner mwenyewe anashangaa kusikia neno hilo. Jambo tuliambiwa, tukalipita. Lakini lililonishika mimi si werevu wa mtungaji. Ni jibu la Eren. Hapigi kelele wala hachomoi upanga. Anamwambia rafiki yake kwamba bila shaka amechoka, akili imevurugika kwa yale aliyoyaona, na anamgeukia Bertholdt ili amsaidie kuthibitisha hivyo. Yaani mwenye kukosewa ndiye anayemtafutia mkosaji udhuru.

Mimi nililitoa jibu hilo kwa kinywa changu.

Baba yangu alipofariki, wenzangu wa karakana walichanga rambirambi. Orodha na fedha zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja ambaye sitamtaja. Fedha zilipofika kwangu zilikuwa pungufu sana, na kijana mmoja mgeni, ambaye alitumwa tu kuzileta, akanyoshewa vidole hata akaacha kazi. Mimi pia nilimshuku, na nikasema hivyo mbele ya watu. Yule mwenye orodha alinifariji. Ndiye, tena, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alimbeba mwanangu huyu huyu mgongoni usiku wa mvua, homa ikiwa imempanda, kumpeleka hospitali mimi nikiwa zamu.

Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Mchana mmoja tulikuwa tunakula ugali na maharage nyuma ya karakana. Akaniomba chumvi. Alipokwisha kuitia akasema, bila kunitazama, kwamba zile fedha za msiba wa baba alizichukua yeye. Nikamwambia, "Ndugu yangu, jua limekuchoma. Nenda kapumzike." Nikaendelea kula. Nakumbuka nilimaliza sahani yote.

Katika picha, upepo unavunja mlingoti wa bendera, Reiner anafungua bendeji, na Mikasa, dada wa kulelewa wa Eren, anawarukia kwa panga kabla mtu mwingine hajatambua la kufanya. Radi inapiga, wale wawili wanageuka majitu, na Eren analia huku naye akigeuka ili kupigana. Kwetu karakanani hapakuwa na radi. Palikuwa na king'ora cha saa nane, tukarudi kazini, naye mwisho wa mwezi akaomba uhamisho.

Kabla ya radi, Reiner anatokwa na machozi. Anasema alikaa mno miongoni mwa watu hawa, na laiti asingaliwajua, asingalikuwa mtu wa nusu nusu kama alivyo. Mwanangu ameniambia kuwa misimu ya mbele inaeleza asili yake: alitumwa akiwa mtoto na nchi ya ng'ambo, iliyoifungia jamaa yake mtaani na kuivalisha utambulisho mkononi. Nilimsikiliza, lakini fikira zangu zilikuwa katika yale machozi. Mwanangu anayaona ya uongo. Mimi siyaoni hivyo, na nilishindwa kumweleza sababu, kwa kuwa hajui ni nani aliyembeba mgongoni usiku ule na kisha akafanya nini.

"Baba," akaniuliza, "sasa alikuwa rafiki yake kweli, au alikuwa anaigiza tu?"

Nikamwambia aweke sehemu inayofuata. Akaiweka. Nilikaa nikiyatazama majitu yakipigana, nikiwaza habari za yule kijana mgeni, ambaye sijui hata anakoishi siku hizi. Pia nilimuwaza yule mwingine, ambaye kila sikukuu hunitumia salamu kwa simu nami huzisoma bila kuzijibu. Ya mwisho ingali simuni.