Jina Limefutwa, Masikio Yamebaki

Kizazi chetu kilitunza siri za wagonjwa kwa njia moja tu: hatukuzipeleka popote. Picha ya eksirei ilitoka chumba cha giza ikiwa bado inachuruzika maji, ikaanikwa, ikatiwa kwenye bahasha ya kaki yenye jina la mgonjwa, naye akaondoka nayo kwapani. Nyumbani iliwekwa chini ya godoro au kuchomekwa kwenye dari la tembe, ikala moshi mpaka ikapinda. Hakuna mgeni aliyeiona, wala hakuna mwanafunzi aliyejifunza lolote kwayo. Tuliuita huo uaminifu. Kwa sehemu ulikuwa uaminifu kweli. Sehemu iliyobaki ni kwamba hatukuwa na pa kuzipeleka.

Wajukuu zetu wanapo. Kijana aliyesomea udaktari hapa Dodoma, Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, na kuzunguka wodi za Hospitali ya Benjamin Mkapa pale jirani, anajua kwamba picha ya CT ni faili, na faili husafiri. Ziko hazina za picha zinazofunguliwa na watafiti wa dunia nzima. Ile ya saratani ya Marekani, TCIA, ipo tangu 2011. Nawaunga mkono wanaotaka picha zetu ziwemo. Mashine iliyofundishwa kwa mapafu ya Chicago na Shenzhen tu, siku ikiletewa kifua cha mzee wa Mvumi chenye makovu ya TB ya zamani, itasema nini?

Lakini kupeleka ni kazi, na kazi ya kwanza ni kuhakiki. Mwaka 2021 kundi la watafiti lililoongozwa na watu wa Cambridge lilichambua tafiti za kutambua UVIKO kwa picha za kifua kwa msaada wa kompyuta. Kati ya 62 walizozipitia kwa kina, hawakuona hata moja inayofaa kutumika hospitalini. Baadhi zilikuwa zimechukua picha za watoto kuwa mfano wa wasio na UVIKO, na za watu wazima kuwa za wenye UVIKO. Mashine ikajifunza kumtofautisha mtoto na baba yake, ikasifiwa.

Hapa uwanda wa kati kuhakiki si jambo geni. Kongwa, ambako wengine wanakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza tu, tangu miaka ya 1980 kumefanyika utafiti mkubwa wa trakoma, ule ugonjwa wa vikope, Sheila West wa Johns Hopkins akiwa mmoja wa watafiti wake. Kope la juu la mtoto hugeuzwa, vijipele vikahesabiwa: vitano au zaidi katikati ya kope, kila kimoja kisipungue nusu milimita, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1987. Msomaji lazima apimwe kwanza dhidi ya msomaji mwingine. Wakitofautiana, wanarudi kuangalia. Hiyo nidhamu ya tochi na miwani ya kukuzia ndiyo ninayoitamani kwa hawa wa kompyuta.

Kazi ya pili ni kumficha mgonjwa. Kijana mmoja alinifungulia faili ya picha, nikaona kumbe nyuma yake mna daftari zima: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali, jina la daktari aliyeomba kipimo, hata namba ya mashine. Programu huyafuta hayo. Picha za ultrasaundi zina ukaidi zaidi, maana mara nyingi jina huandikwa juu ya picha yenyewe, na pale lazima lifunikwe. Mwaka 2017 Google ilikuwa siku chache tu kabla ya kutoa hadharani picha za vifua 100,000, ikapigiwa simu na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani: baadhi bado zilionyesha tarehe na vito vya wagonjwa. Ikasitisha. Röntgen mwenyewe, mgunduzi wa eksirei, mwaka 1895 alipiga picha mkono wa mkewe ukiwa na pete.

Na fuvu je? Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walichukua picha za MRI za vichwa vya watu 84 waliojitolea, wakaunda nyuso zao upya, na programu ya kutambua sura ikawapata asilimia 83. Dawa yake ni kuukata uso kwenye faili. Baadhi ya programu hukata pua, macho na mdomo, zikaacha masikio. Huko zilikotungwa, sikio ni sikio. Huku Ugogo, ndewe iliyotobolewa na kutanuliwa inakwambia kabila, inakwambia na umri, kwa sababu vijana hawatoboi hivyo tena. Katika kijiji wenye masikio hayo wamebaki wachache, na kila mmoja ana jina.

Wapo pia waoga, wanaofuta kila kitu: alama ya kulia na kushoto, hata umri. Ukishafuta umri, umerudi kulekule kwa watoto wa UVIKO.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye fungu nyeti. Ni sheria nzuri, lakini masikio hayamo. Nikamwambia yule kijana: kabla picha hazijaondoka, mkalisheni mezani muuguzi mkongwe au mzee wa Kongwa, awaambie anamtambua nani.

"Babu, nikimwonyesha ili aseme ni nani, si siri nimeshaitoa?"

Ana haki. Basi tukakubaliana mzee aulizwe kabla, bila picha: miili ya watu wa huku ina nini ambacho wengine hawana? Alipoulizwa, mzee akaanza kuorodhesha. Masikio. Shanga za kiunoni na hirizi zenye chuma. Nikamwongezea marisau ya gobore, kwa sababu mtu aliyepigwa na gobore akiwinda milima ya Mpwapwa, marisau yakabaki pajani, anajulikana tarafa nzima, na eksirei huyaonyesha yote, moja moja.