Mpendwa, Ni Nini Kimekauka?



Wiki jana hapa Kitale binti yangu aliniletea kazi ya shule. Aliambiwa aandike maana tano za maneno mawili ya Kiingereza, "dry up". Tukaketi mezani. Mto ukiishiwa maji, ni hayo. Pesa zikikatika, ni hayo. Mtu akisimama mbele ya watu akasahau la kusema, ni hayo. Ukipangusa vyombo baada ya kuosha, ni hayo. Hata ukimwambia mtu kwa ukali anyamaze, ni hayo hayo. Binti akacheka. "Sasa Baba, mtu atajuaje ni gani?" Nikamjibu, "Lazima kwanza uulize ni nini kimekauka."

Usiku jibu langu mwenyewe likaninyima usingizi.

Mwezi wa pili, ndugu mmoja alinishika mkono baada ya ibada akaniambia, "Pastor, mimi nimekauka." Sikumuuliza kitu. Nilimwambia kuna dhambi ambayo hajaungama, nikampa siku tatu za kufunga. Akasema, "Sawa, Pastor." Jumapili iliyofuata hakuja. Nikasikia amerudi kwao Bungoma.

Andiko nilikuwa nalo. Katika Zaburi ya 32 Daudi anasimulia jinsi alivyoficha dhambi mpaka akakauka kama nchi ya kiangazi. Hilo ni kweli, na kama ndiyo hali yako, ungama leo. Lakini Biblia haina kukauka kwa aina moja. Katika 1 Wafalme 17, kijito cha Kerithi kilikauka na Eliya hakuwa amekosa. Alikuwa pale pale alipotumwa, ila wakati wa kuhamia Sarepta ulikuwa umefika. Katika Marko 5, yule mama aliyetokwa damu miaka 12 alijua amepona kwa sababu chemchemi ya damu yake ilikauka. Katika Kutoka 14, bahari ilikauka ikawa njia.

Na sisi wa Trans Nzoia hatuhitaji kufundishwa sana hapa. Mahindi yakitoka shambani, hakuna anayeomba yabaki na maji. Tunayaanika juu ya turubai, tunayageuza, jua linayapiga siku baada ya siku mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Ukiyaweka ghalani kabla hayajakauka, yanashika ukungu na kuzaa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao Ukambani. Kwa hiyo kuna kukauka kunakoua, na kuna kukauka kunakohifadhi. Ndiyo maana mnunuzi hatazami gunia kwa nje akatangaza. Anachukua punje anazipima kwa mashine. Mzee asiye na mashine huing'ata punje kwanza, ndipo aseme.

Mimi nilitangaza bila kupima.

Alhamisi nilipanda matatu. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka Bungoma. Nilimkuta kwa boma lao, nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza mwezi wa pili: "Ndugu yangu, ni nini kimekauka?"

Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniambia mama yake aliugua miaka miwili, na yeye ndiye aliyemlisha na kumgeuza kitandani. Walipomzika, machozi yalikataa kutoka. Watu wakanong'ona kwamba ana macho makavu, kama mtu asiye na haya. Akirudi chumbani kuomba, maneno nayo hayaji. "Nilikuja kwako, Pastor, kwa sababu nilidhani Mungu ameniacha. Wewe ukaniambia ni dhambi."

Mpendwa, sikuwa na mahubiri. Nilimwomba msamaha mbele ya dada zake. Hakulia siku hiyo pia. Alileta chai, tukanywa. Atarudi kanisani lini sijui, na sikumuuliza.

Kuna mtu anasoma hapa naye amekauka. Labda ni kijito, na Mungu anakuhamisha. Labda ni jua la turubai, anakuandaa kwa ghala. Labda kuna jambo umelificha. Labda umebeba mgonjwa muda mrefu na umechoka tu. Basi kula, lala, mwache mwingine akuombee. Usikubali mtu akutajie ugonjwa wako kabla hajakusikiliza, hata kama mtu huyo ni mimi.

Nanyi mashemasi na viongozi wa seli, tujifunze kwa Bwana mwenyewe. Katika Ezekieli 37 alimweka nabii katikati ya bonde la mifupa mikavu sana. Hakuikemea. Kabla ya unabii wowote, alianza kwa kuuliza swali.

Bwana, tupe masikio kabla ya midomo. Mguse kila aliyekauka, kwa namna anayoihitaji. Katika jina la Yesu, Amina.