Nani anayemvuta samaki?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea humu wiki kama tatu hivi na lawama zenu nimezipata, ila kati ya testi mbili na maandalizi ya mazoezi ya kufundisha nilikuwa sina hata muda wa kufua. Leo najibu lile swali mnaloniuliza kila siku hosteli: "Yale maandishi ya fulana za darasa umeyapindaje vile?"

Jibu ni fupi. Programu inaitwa Inkscape, ni ya bure, ipo tangu 2003. Inachora kwa vekta, yaani picha haitunzwi kama vidoti vya rangi bali kama nukta chache na mistari inayoziunganisha, ndiyo maana ukiikuza hadi iwe bango haifanyi ukungu. Unaandika jina, unaligeuza kuwa njia (hakikisheni tahajia kwanza, maana baada ya hapo huwezi kurekebisha herufi tena), unachagua efekti ya kupinda, unalikunja kama ndizi. Kwisha. Fulana hizo zilinilisha bumu lilipochelewa, nazishukuru, ila leo nataka kuongelea samaki.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ikuti. Mvua ya Rungwe mnaisikia, ikishika imeshika, na ukikutwa ndani umekwama ndani. Basi nikakaa na laptopu nachora zana za kufundishia baiolojia, mada ya mageuzi ya viumbe. Somo hili tangu enzi za mababu linafundishwa kwa shingo ya twiga, na wanafunzi wengi wa kwetu twiga wamemwona kwenye picha tu. Wakati huohuo Ziwa Nyasa liko pale chini Kyela, lina mamia ya aina za samaki wa familia ya perege, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wapo wenye mdomo ulioelekea chini wa kukwangua mwani kwenye miamba, wapo wembamba warefu wanaowinda samaki wenzao, wapo wanaovunja konokono. Sasa twiga wa nini?

Nikachora samaki mmoja tu. Halafu nikamwekea efekti. Inkscape inazo kadhaa za kugeuza umbo: moja inamfunga samaki ndani ya fremu ya pande nne, ukipinda upande wa juu na mgongo wake unafuata. Nyingine, ambayo ndiyo naipenda, inatandaza gridi ya nukta juu yake. Ukiburuta nukta moja, sehemu ile ya mwili inasogea na jirani zake zinafuata kidogo kidogo, hakuna kinachokatika. Nikashusha mdomo, nikarefusha kiwiliwili, nikanenepesha taya. Mchana mmoja samaki mmoja akazaa sita.

Na utamu wenyewe ni kwamba samaki wa kwanza hapotei. Fungua faili lile kwa programu ya kawaida ya maandishi utakuta umbo limeandikwa mara mbili, la asili na lililopindwa. Ondoa efekti, anarudi kama alivyokuwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1917 mwanabiolojia wa Uskoti, D'Arcy Thompson, alichapisha kitabu kiitwacho On Growth and Form. Humo alichora samaki juu ya gridi, kisha akaipinda gridi yenyewe, akatokea samaki wa aina nyingine. Alianza na mmoja wa jamii za bunju, mwenye miiba, akatanua gridi kuelekea mkiani, akampata yule jitu la baharini lenye umbo la sahani ambalo jina lake la kisayansi siku hizi ni Mola mola. (Msicheke, ni Kilatini, maana yake jiwe la kusagia.) Kwa penseli! Mimi nina kompyuta na bado nalalamika betri.

Basi bwana, mdogo wangu, yuko kidato cha nne, akaja kuchungulia. Nikamwonyesha: naburuta, mdomo unashuka. Akatazama, akanyamaza, kisha akauliza, "Dada, sawa. Sasa kule ziwani nani anayevuta?"

Nikaiacha mausi.

Swali hilo ni la haki kabisa. Kwenye skrini kuna mkono, na samaki ni mmoja yuleyule anayeelekea anakotakwa. Ziwani hakuna samaki aliyevutwa mdomo, na hata angekwangua mwani maisha yake yote, watoto wake wasingezaliwa na mdomo wa chini kwa sababu ya juhudi za mama yao. Gridi ya Thompson inaonyesha samaki wawili wanatofautiana wapi. Walifikaje hapo, gridi haisemi.

Kuna rafiki yangu hapa kampasi anayesema dawa ni kuacha laptopu na kushika chaki. Mimi sikubali. Nikaamua badala ya mvuto mmoja mkubwa nitumie midogo mingi. Nikanakili samaki ishirini, na kwa kila mmoja tukarusha dadu ya ludo: ikija 1 au 2 mdomo unapanda kidogo, 3 au 4 unabaki ulivyo, 5 au 6 unashuka. Kidogo kiasi kwamba usipokazia macho huoni. Mvua ilipopumzika nikapanda bodaboda hadi Tukuyu, nikaprinti steshenari, tukakata kwa mkasi.

Kibarazani nikachora mwamba kwa chaki, mwani chini. Anayefikisha mdomo kwenye mwani anabaki, asiyefika anatoka. Waliobaki wakanakiliwa hadi wawe ishirini tena, dadu tena, bodaboda tena. Mizunguko minne, siku nne, watoto wa jirani wamejaa kibarazani na nauli imenitafuna. Mzunguko wa nne ulipokatwa, midomo karibu yote ilikuwa imeshuka, na hakuna aliyepanga ishuke.

Mdogo wangu akawapanga wa kwanza na wa mwisho sambamba kwenye mkeka. "Kumbe hajavutwa mtu," akasema. "Wengine wametolewa tu."

Nikifika darasani kufundisha nitaanza na hao ishirini, na gridi nitaionyesha baadaye, kwa kulinganisha maumbo tu. Tatizo ni mtoto mmoja wa darasa la tano aliyeuliza mwani ukiisha itakuwaje. Huyo ameniongezea mzunguko wa tano, na sijui nauli nitaitoa wapi.

Anayetaka faili aje na fleshi chumbani jioni. Ila aisafishe virusi kwanza, nawajua.