Kuchagua Chuo cha Kusomea Uchumi

Sisi wa Kidato cha Sita tusomao Uchumi, Jiografia na Hisabati tumekaribia kumaliza, na swali linalotusumbua bwenini ni moja: tuombe chuo gani? Wengi hujibu upesi, "Dar es Salaam," kisha hugeukia ukutani wakalala. Sina neno baya juu ya chuo kikuu hicho. Kilianza mwaka 1961, nacho ndicho chuo kikuu cha kwanza nchini, na jina lake lajulikana hata kijijini kwetu. Lakini mnunuzi wa kanga haangalii jina la duka tu; huikunjua akasoma na maandishi yake.

Baba yangu ni mkulima wa pamba. Kila msimu hupeleka mzigo wake kwenye ghala la chama cha ushirika, na kila msimu huniuliza, "Mwanangu, bei hii kapanga nani?" Nataka kusoma uchumi ili nimpe jibu. Basi nilipopata miongozo ya udahili, nilitafuta kwanza ni wapi swali la baba linafundishwa.

Nikaona ya kuwa uchumi si kitu kimoja. Dar es Salaam waweza kuusoma pamoja na takwimu, jambo limfaalo apendaye hesabu. Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kikiwa shule ya serikali za mitaa na kuwa chuo kikuu mwaka 2001, chaelekea zaidi kwenye sera na mipango. Chamfaa atakaye kazi za halmashauri. Sokoine, kule Morogoro, kilichopata kuwa chuo kikuu mwaka 1984, kina shahada ya uchumi wa kilimo, ambamo bei za mazao na masoko yake ndiyo somo lenyewe.

Baba mdogo aliposikia nataka Sokoine alisikitika. "Tumekusomesha miaka yote hii ili urudi shambani?" Nikamjibu kwa adabu, "Baba, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakulima ni wengi mno katika nchi yetu. Asiyeujua uchumi wao ajua uchumi gani?" Hakunijibu, wala sidhani kwamba ameridhika.

Tena liko jambo la fedha. Mwalimu wetu hutufundisha kwamba gharama ya kitu ni kile ukikosacho kwa kukichagua. Mdogo wangu wa kike anaingia Kidato cha Tano, naye anahitaji godoro, sare na nauli. Mkopo wa serikali nitauomba, lakini huenda usitoshe kila kitu. Shilingi nitakayolipia chumba cha mjini ni shilingi atakayoikosa yeye. Hesabu hiyo haimo katika miongozo. Kila mmoja aifanye nyumbani kwao pamoja na wazazi.

Kwa hiyo nimepanga hivi: Sokoine kwanza, Dar es Salaam kwa ajili ya takwimu pili, Mzumbe tatu. Mwenzangu wa kitanda cha juu amepanga kinyume, naye ana sababu zake, kwani anataka kazi ya benki. Hilo si kosa. Kosa ni kujaza fomu kwa sababu rafiki yako kajaza hivyo. Ndugu zangu wa Kidato cha Tano, anzeni mapema: someni orodha ya masomo ya kila chuo, mwaka kwa mwaka, na kila mmoja ajue swali lake mwenyewe kabla hajaandika jina la chuo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita