Kaa la Moto

Jioni ile mama alikanyaga kaa la moto jikoni wala asishtuke. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi. "Mama, mguu!" Akatazama chini kana kwamba mguu ni wa jirani. Kumbe kisukari kilikwisha kuua mishipa ya fahamu ya nyayo zake.

"Mbona sikusikia kitu, mwanangu?"

Swali hilo lilinikaa. Baadaye nikasoma kwamba ncha za mishipa hiyo zina vijilango vya protini. Kimoja, TRPV1, hufunguka joto likipita nyuzi 43 hivi. Sodiamu na kalsiamu zikaingia, habari ikapanda ubongoni. Na pilipili hukifungua kilekile! Ndiyo maana ulimi huwaka hata mchuzi ukiwa umepoa. David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, kwa kutumia huo huo ukali wa pilipili. Kingine, Piezo1, hufunguka seli ikibonyezwa. Kundi la Ardem Patapoutian lilizima jeni moja baada ya nyingine, huku likidonadona seli kwa kijibomba chembamba. Ya 72 ndiyo ikawa yenyewe. Hiyo ni 2010. Nobel wakaipata wote wawili 2021.

Nilimsimulia mama. Akacheka kweli. "Basi vyangu vimetiwa kufuli."

Nikanyamaza. Si kufuli, nyumba yenyewe ndiyo imebomoka. Lakini utamwambiaje mzazi?

Siku hizi kila usiku namulika nyayo zake kwa tochi, kidole kwa kidole. Pilipili bado anaisikia. Juzi kalalamika nimezidisha.