Oral ya kuandika

Manze, kuna kitu kwa KCSE hainiingii. Pepa ya kwanza ya Kiingereza ina maksi 60, na 30 ni za oral. Nusu nzima! Lakini hakuna mtu anafungua mdomo. Unaandika kwa karatasi vile ungeongea. Ni kama kupewa leseni ya gari juu ulichora usukani poa.

Halafu unamaliza shule, unataka kazi Uingereza, unaambiwa ufanye IELTS. Hapo mtahini anakuongelesha dakika 11 hadi 14, na unarekodiwa. Karatasi haitakuokoa.

2021, Mutahi Kagwe akiwa Waziri wa Afya alisema wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza waende Uingereza, wakapita 10 tu. Watu wakawacheka. Mimi sikuona cha kucheka. Hao ni watu wanaandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Kujua lugha ni kitu moja, kuzoea mtihani ni kingine.

Mimi niliacha chuo, lakini naongea na kamera kila wiki, na nakwambia kuongea ni mazoezi.

So walimu, acheni watoto wabishane darasani, hata kama ni kelele. Na wewe unangoja tarehe yako: chagua mada, jipange dakika 1, ongea dakika 2, simu ikirekodi. Kwa IELTS kuna sehemu iko hivyo hivyo. Kisha jisikilize. Itauma, lakini heri uaibike ukiwa kwako kuliko mbele ya mtahini uliyemlipia.