Namba Mbili Haikuulizwa

Nilifundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka 31, na namba tasa nilizifundisha kila mwaka. Kwa hiyo mjukuu wangu alipokuja likizo na kompyuta yake, akataka kunifundisha lugha ya Python, nilichagua kuanza na hizo. Programu itafute namba tasa kuanzia 2 hadi 30. Majibu niliyajua: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Kumi tu.

Programu yangu ikatoa kumi na nne. Zilikuwamo 9, 15, 21, 25 na 27, ambazo mtoto wa darasa la tano angeniandikia ningempigia mkasi. Na 2 haikuwamo kabisa.

"Kompyuta yako mbovu," nikamwambia.

"Babu, inafanya ulichoiandikia."

Hakunionyesha kosa. Aliniambia niongeze mstari mmoja wa kuandika kwenye kioo kila swali ambalo kila namba inaulizwa: 9 kwa 2, 9 kwa 3, na kuendelea. Hapo nikaona. 9 iliulizwa swali moja tu, kama inagawanyika kwa 2. Ilipobaki 1, programu ikatamka "ni tasa" na kuondoka, haikufika kwenye 3. Hukumu nilikuwa nimeiweka ndani ya mzunguko wa maswali. Katika Python, nafasi unazoacha mwanzoni mwa mstari ndizo zinazoamua mstari huo ni wa wapi, basi nikausogeza kushoto, usomwe maswali yote yakiisha. 9 na wenzake wakatoka, na 2 ikaingia.

Hiyo 2 ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwanzoni, mbele yake hapakuwa na swali hata moja. Maswali yalianzia kwenye 2 na kukoma kabla ya namba yenyewe, kwa hiyo yenyewe haikuwa na la kuulizwa. Ilipita kimya, bila ndiyo wala hapana, na isiyo na jibu haikuandikwa. Namba tasa ya kwanza kuliko zote!

Mimi ni katibu wa baraza la wazee. Yuko mama mmoja katika usharika wetu ambaye hakujaliwa mtoto. Miaka sita iliyopita tulikuwa tunachagua walimu wa Shule ya Jumapili, na kila aliyependekezwa tulimwita tukamhoji, wengine juu juu tu. Lilipotajwa jina la mama huyu, mzee mmoja alisema kwa upole, "Huyu tusimtese na watoto wa watu." Tuliiona ni huruma. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikaandika jina lililofuata. (Neno "tasa" nimelitamka darasani miaka yote ile, sikuwahi kufikiri kwamba wapo wanaolisikia vingine.)

Nimewahi kuhubiri habari za Hana na kuhani Eli, nikamsema Eli sana kwa kumdhania mwanamke yule kuwa amelewa. Lakini Eli alau alimsemesha, naye Hana akapata nafasi ya kujibu. Sisi hata hilo hatukulifanya.

Alhamisi jioni nilikwenda kwake. Habari za kompyuta sikumweleza. Nilimkuta uani anapepeta mchele, nikamuuliza kama angependa kufundisha watoto Jumapili. Alipepeta kwa muda bila kuniangalia.

"Baraza limekutuma, Mwalimu?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe. Lakini jibu lako nitalipeleka, hata likiwa la kutulaumu."

Akauweka ungo chini, akanisogezea kigoda.

"Basi kaa," akasema. "Jibu langu si fupi."